Kubuni Saketi Dijitali: Jaribu Kwenye Kompyuta Kabla ya Kuunganisha Nyaya

Pampu ya maji ikiendelea kuzunguka ilhali kisima kimekauka, huungua. Ikiwa ni ya nyumbani, familia inarudi mtoni na mitungi. Ikiwa ni ya kisima cha jamii, kijiji kizima kinakaa bila maji hadi kamati ichange pesa za kununua nyingine. Kifaa cha kuizuia isiungue si kikubwa. Ni saketi ndogo inayotambua kiwango cha maji, kisha inaamua pampu iwake au izimike. Kijana aliyesomea ufundi wa umeme anaweza kuibuni. Swali ni hili: atajuaje kwamba saketi yake inaamua sawasawa kabla ya kuikabidhi pampu ya watu?

Njia mojawapo ni kutumia programu za kompyuta za kuchora na kuiga saketi. Unachora saketi kwenye skrini, unabonyeza swichi zake, nayo inakuonyesha itakavyofanya kazi, bila kununua hata chipu moja. Ukikosea, hakuna kinachoungua. Makala haya yanaeleza jinsi mkazi yeyote mwenye nia, awe mwanafunzi, fundi wa jua kali au mzazi anayetaka kumsaidia mtoto, anavyoweza kuanza. Pia yanaeleza mahali ambapo kompyuta inakoma na uangalifu wa fundi unaanza.

Saketi dijitali ni nini?

Saketi dijitali hufanya kazi kwa hali mbili tu: kuna umeme au hakuna. Hali ya kwanza huandikwa 1, ya pili 0. Simu iliyo mfukoni mwako, kikokotoo cha dukani na mita ya umeme ya tokeni vyote hufanya kazi kwa 1 na 0 hizo, zikipitia sehemu ndogo ndogo ziitwazo mageti.

Mageti ya msingi ni matatu. Geti la NA hutoa 1 pale tu maingizo yake yote yakiwa 1. Geti la AU hutoa 1 hata ingizo moja tu likiwa 1. Geti la SI hugeuza: likipewa 1 hutoa 0, likipewa 0 hutoa 1. Kwenye programu na madukani utayakuta yameandikwa AND, OR na NOT.

Masharti ya namna hii tunayatumia kila siku. Mzazi akimwambia mtoto, "Utaenda kucheza ukimaliza kazi ya shule na kama mvua hainyeshi," tayari ametumia NA pamoja na SI. Mwaka 1854, Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba masharti kama haya yanaweza kukokotolewa kama hesabu. Mwaka 1937, Claude Shannon, aliyekuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kwamba hesabu hiyo hiyo inaweza kutumika kubuni saketi za swichi za umeme. Kila kompyuta iliyopo leo imejengwa juu ya wazo hilo.

Anza na karatasi, si kompyuta

Wanaoanza wengi hukimbilia programu na kuanza kuvuta mageti huku na huku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kazi ya kwanza ni kalamu na karatasi. Tuchukue mfano wa tangi lililoinuliwa, linalojazwa na pampu kutoka kisimani. Tunaweka vihisi vitatu.

C kiko chini ya tangi. Hutoa 1 maji yakikifikia, na 0 maji yakishuka chini yake.

J kiko juu, karibu na mdomo wa tangi. Hutoa 1 tangi likijaa.

K kiko kisimani, juu kidogo ya pampu. Hutoa 1 maji yakitosha, na 0 kisima kikielekea kukauka.

Tokeo la saketi tuliite P. Likiwa 1 pampu iwake, likiwa 0 izimike.

Wazo linalowajia wengi kwanza ni hili: pampu iwake ikiwa kisima kina maji NA tangi halijajaa. Linaonekana sawa, lakini lina shida. Tangi likijaa pampu inazimika. Mtu akifungua bomba kujaza sufuria moja, maji yanashuka kidogo chini ya J na pampu inawaka tena, kisha inazimika baada ya muda mfupi. Siku nzima itakuwa ni kuwaka na kuzimika. Mota hunyonya umeme mwingi zaidi inapoanza kuliko inapoendelea kuzunguka, hivyo kuwashwa mara kwa mara huipasha moto na kufupisha maisha yake.

Ndiyo maana tuna kihisi C. Tunataka pampu ianze maji yakishuka chini ya C, iendelee hadi J, kisha ipumzike hadi maji yashuke tena chini ya C. Sasa andika jedwali la ukweli, yaani orodha ya kila hali inayoweza kutokea na jibu tunalolitaka. Maingizo matatu yana hali 8, kwa kuwa 2 × 2 × 2 ni 8.

K ikiwa 0, pampu izimike, hata C na J ziseme nini. Hizo ni hali 4.

K = 1, C = 0, J = 0: tangi liko karibu tupu. Pampu iwake.

K = 1, C = 1, J = 1: tangi limejaa. Pampu izimike.

K = 1, C = 0, J = 1: haiwezekani maji yawe juu na chini pakavu. Kihisi kimoja kimeharibika. Pampu izimike.

K = 1, C = 1, J = 0: maji yako katikati. Je, pampu iwake au izimike?

Hali hii ya mwisho ndiyo yenye somo. Jibu linategemea tulikotoka. Ikiwa pampu ilikuwa inajaza, iendelee. Ikiwa ilikuwa imepumzika, iendelee kupumzika. Saketi basi inahitaji kumbukumbu, na kumbukumbu hupatikana kwa kurudisha tokeo P liwe mojawapo ya maingizo. Sharti lote linasomeka hivi: pampu iwake ikiwa kisima kina maji, NA tangi halijajaa, NA ama maji yako chini ya C AU pampu tayari inafanya kazi.

Ukishaandika sentensi hiyo, umemaliza sehemu ngumu. Kilichobaki ni kuichora.

Kuchora na kuiga

Programu inayofaa sana kwa anayeanza ni Logisim. Iliandikwa na Carl Burch, mwalimu wa chuo nchini Marekani, kwa ajili ya kufundishia. Mwenyewe aliacha kuiendeleza, lakini wengine waliichukua na sasa inatolewa kwa jina la Logisim-evolution. Ni ya bure, ni nyepesi, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Weka alama tatu za ingizo na uzipe majina C, J na K. Weka alama moja ya tokeo, P. Leta mageti mawili ya SI: moja la kugeuza C, jingine la kugeuza J. Leta geti moja la AU lenye maingizo mawili. Ingizo moja lipokee C iliyogeuzwa, la pili lipokee waya unaorudi kutoka P. Mwisho leta geti la NA lenye maingizo matatu: K, J iliyogeuzwa, na tokeo la geti la AU. Tokeo la geti hilo ndilo P.

Rangi za nyaya zitakuambia hali ya saketi. Kijani kibichi kilichokolea ni 0. Kijani kinachong'aa ni 1. Bluu ina maana kwamba waya haujapewa thamani yoyote, pengine umesahau kuuunganisha. Nyekundu ni kosa, kwa mfano matokeo mawili yanayogombania waya mmoja.

Sasa chagua alama ya mkono na ubonyeze maingizo kwa mpangilio wa maisha ya tangi. Anza yote yakiwa 0. Geuza K kuwa 1: P iwe 1, kwa sababu kisima kina maji na tangi ni tupu. Geuza C kuwa 1: P ibaki 1, tangi linaendelea kujaa. Geuza J kuwa 1: P iwe 0. Rudisha J kuwa 0, kama mtu aliyefungua bomba: P ibaki 0. Rudisha C kuwa 0: P iwe 1 tena. Hatua yoyote ikitoa jibu tofauti, rudi kwenye mchoro na ufuate waya mmoja mmoja hadi upate kosa.

Kasoro zinazojificha

Faida kubwa ya kuiga si kuthibitisha kwamba saketi inafanya kazi. Ni kuitesa mpaka ikuonyeshe pale isipofanya kazi. Jaribu mambo mawili.

La kwanza, tangi likiwa tupu (C = 0, J = 0), geuza K mara 1, mara 0, mara 1, mara 0. Utaona P ikiifuata: inawaka, inazimika, inawaka, inazimika. Hivyo ndivyo kisima chenye maji machache kitakavyofanya wakati wa kiangazi. Maji yakipanda kidogo juu ya K pampu inaanza, inayavuta mara moja, inazimika, na mchezo unaendelea. Shida tuliyoitatua kwenye tangi imehamia kisimani. Dawa yake ni ile ile: weka vihisi viwili kisimani, kimoja chini na kimoja juu zaidi. Ruhusa ya kupiga maji itolewe maji yakifika kihisi cha juu, na iendelee hadi yashuke chini ya kihisi cha chini. Kwa maneno ya mageti: kihisi cha chini ni 1, NA ama kihisi cha juu ni 1 AU ruhusa ilikuwepo tayari. Tokeo la hapo ndilo linaloingia mahali pa K. Hili liwe zoezi lako la kwanza.

La pili, jiulize: panya wakikata waya, itakuwaje? Kwa kawaida ingizo lililokatika hupangwa lisomeke 0. Waya wa K ukikatika, K ni 0 na pampu haiwaki. Watu watakosa maji kwa muda, lakini pampu itasalimika. Waya wa J ukikatika, mambo ni tofauti: saketi itaamini kwamba tangi halijajaa kamwe, na maji yatamwagika usiku kucha. Kwa hiyo fundi makini hupanga kihisi cha J kinyume: swichi yake iwe imefungwa tangi likiwa halijajaa, na ifunguke likijaa. Hapo waya uliokatika huonekana kama tangi lililojaa, na pampu inazimika. Kwenye skrini jaribio hili huchukua dakika moja. Kwenye kisima cha jamii, ungeligundua siku ambayo uharibifu umeshatokea.

Programu nyingine na kazi zake

CircuitVerse hufanya kazi inayofanana na ya Logisim, lakini hufunguliwa kwenye kivinjari cha intaneti bila kusakinisha kitu. Inafaa kwa anayetumia kompyuta ya shule au ya maktaba ambayo haruhusiwi kuiwekea programu. Inataka intaneti muda wote, ilhali Logisim ukishaipakua mara moja unaweza kuibeba kwenye flashi na kuitumia hata mahali pasipo na mtandao.

Tinkercad ya kampuni ya Autodesk nayo ni ya mtandaoni na ya bure. Yenyewe huonyesha vifaa kama vilivyo mezani: betri, rizista, taa za LED na bodi ya majaribio yenye matundu. Inamsaidia mwanafunzi kuona mchoro unavyogeuka kuwa nyaya halisi.

KiCad, iliyoanzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras, ni ya hatua ya juu. Huchora saketi kwa alama zinazotumiwa na wahandisi, hukagua kama kuna mguu wa chipu uliosahauliwa, na hutengeneza ramani ya bodi inayoweza kupelekwa kiwandani. Nayo ni ya bure. Ndani yake mna kifaa cha kuiga umeme wenyewe, yaani volteji na mkondo badala ya 1 na 0 pekee. Kifaa hicho kinatokana na SPICE, programu iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973.

Huhitaji zote. Anza na moja ya mageti, uielewe vizuri, kisha usonge mbele.

Kutoka kwenye skrini hadi mezani

Mageti huuzwa yakiwa ndani ya chipu. Familia inayopatikana kwa urahisi ni 74HC. Chipu ya 74HC08 ina mageti manne ya NA, 74HC32 ina manne ya AU, na 74HC04 ina sita ya SI. Kila moja kati ya hizi ina miguu 14: mguu wa 14 hupewa umeme na wa 7 huenda ardhini, yaani upande hasi. Saketi yetu ya awali inahitaji chipu moja ya kila aina. Kwa kuwa mageti ya 74HC08 yana maingizo mawili tu, utaunganisha mawili mfululizo ili kupata lile la maingizo matatu.

Hapa ndipo tofauti kati ya skrini na meza inapojitokeza. Logisim haikuonyeshi mambo haya:

Umeme wa chipu. Kwenye mchoro mageti hufanya kazi yenyewe. Mezani, usipounganisha mguu wa 14 na wa 7, hakuna kitakachofanyika. Tumia volti 5, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 karibu na kila chipu.

Maingizo yasiyotumika. Usiyaache yakining'inia. Yaunganishe na ardhi, la sivyo chipu inaweza kuyumba na kupata joto.

Swichi iliyofunguka. Haitoi 0 yenyewe. Inahitaji rizista, kwa mfano ya kilo-omu 10, ya kuvuta waya hadi 0, au hadi 1 kwa kihisi kilichopangwa kinyume kama J.

Nguvu ya tokeo. Tokeo la chipu linaweza kuwasha LED kupitia rizista ya kilo-omu 1, lakini haliwezi kuendesha rilei, sembuse pampu. Katikati panahitajika transista. Rilei inapozimika, koili yake hutoa msukumo mkali wa volteji unaoweza kuua transista, kwa hiyo diodi huwekwa kuuzuia.

Maji yenyewe. Waya mtupu uliotumbukizwa majini na kupitisha umeme wa moja kwa moja huliwa haraka. Swichi ya kuelea hudumu zaidi.

Jenga kwanza ukitumia LED badala ya pampu na swichi za kawaida badala ya vihisi. Rudia hatua zile zile ulizopitia kwenye kompyuta. LED ikifuata jedwali lako mwanzo hadi mwisho, saketi iko tayari kwa hatua inayofuata.

Tahadhari: umeme wa volti 240

Saketi ya volti 5 haiwezi kukudhuru. Umeme unaoendesha pampu ni volti 240, na huo unaua, hasa mahali penye maji. Usiunganishe rilei na pampu mwenyewe kwa sababu tu jaribio la kompyuta limefaulu. Kazi ya nyaya za umeme inapaswa kufanywa na fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mpelekee fundi huyo mchoro wako na jedwali lako. Ataelewa haraka saketi inafanya nini, na ataongeza ulinzi ambao programu haikukuonyesha.

Ujuzi huu unaelekea wapi?

Anayeweza kuandika jedwali, kulichora na kulijaribu ana msingi wa kazi nyingi: kutengeneza mitambo ya viwandani, kufunga ving'ora, kudhibiti maji ya kunyunyizia mashamba, na kukarabati vifaa vya elektroniki. Ni msingi huo huo unaohitajika katika utengenezaji wa chipu zenyewe. Nchini Kenya kazi hiyo imeanza Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, iliko kampuni ya Semiconductors Technologies Limited.

Pa kuanzia ni karibu. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba ni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Tembelea chuo cha mafunzo ya ufundi kilicho karibu nawe, au uulize katika ofisi ya wadi yako, ujue kozi za umeme na elektroniki zinazotolewa na masharti ya kujiunga. Kama huna kompyuta, ulizia ya matumizi ya umma katika maktaba au chuo. Wazazi wenye watoto wa sekondari wanaopenda sayansi wanaweza kuanza nao nyumbani kwa jedwali la tangi lililoelezwa hapa, ambalo halihitaji kompyuta hata kidogo.

Nanyi wanakamati wa miradi ya maji, fundi akiwaletea kifaa cha kudhibiti pampu, mwombeni awaonyeshe jedwali lake. Muulizeni maswali mawili tu: kisima kikikauka, pampu itafanya nini? Na waya ukikatika, itafanya nini? Aliyejaribu kazi yake kabla ya kuileta atakuwa na jibu.